Asali Haihesabiki

Sheria ilitangazwa Jumapili mchana, baada ya misa na kabla ya chakula, saa ambayo mtu mwenye njaa hukubali lolote. Baba watoto alisimama mlangoni pa sebule na rundo la karatasi, gundi na maka peni, akatuambia kwamba kuanzia dakika ile Kiswahili kimefungwa ndani ya ua wetu. Atakayekisema atalipa shilingi mia kwa kila sentensi. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa limeshatobolewa kifuniko likawa kibubu, na daftari la madeni akakabidhiwa binti yetu, kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha yote.

Binti alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba Septemba. Kuanzia hapo hadi Januari mtoto wa Tanzania hana shule. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao prifomu wani Singida mjini au Dodoma. Wa wengine wetu huchota maji, huuza karanga stesheni na kusubiri matokeo. Wakifika kidato cha kwanza wanakuta mambo yamepinduliwa: baiolojia kwa Kiingereza, historia kwa Kiingereza, hata jiografia ya nchi hiihii wanayoikanyaga nayo kwa Kiingereza. Wakati ule kilichobaki kwa Kiswahili kilikuwa Kiswahili chenyewe. Miaka saba mtoto amefikiri kwa lugha moja, kile Kiingereza amekutana nacho kama somo, vipindi vichache kwa wiki, halafu baada ya likizo moja anatakiwa aeleze usanisinuru kwa lugha ambayo hajawahi kuombea chumvi.

Ndivyo ilivyo tangu 1967, serikali ilipoamua shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili na sekondari ikaachwa kama Mwingereza alivyoiacha. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na vyuo. Haikuwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alitetea Kiingereza kibaki. Alikuwa akisema kwamba Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Baba watoto anaipenda sana kauli hiyo. Siku ile aliitumia kuwajibu wote waliotaka kujua kosa lao ni nini.

Yeye mwenyewe aliingia kidato cha kwanza mwaka 1989, na ukitaka kumfahamu lazima uanzie hapo. Miaka mitano kabla yake, wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walikuwa wamezunguka shuleni kwetu wakapima, wakaandika kwamba wanafunzi wa sekondari hawaijui lugha wanayofundishwa nayo kiasi cha kuweza kujifunza kitu. Ungetarajia dawa ya ripoti ya namna hiyo iwe kubadili lugha ya kufundishia. Ukaja mradi wa Waingereza, kuanzia 1987 hadi 1991, na vitabu vyembamba vya hadithi zilizorahisishwa. Baba watoto ni mtoto wa vitabu hivyo. Alivisoma vyote, vingine mara nyingi, na mpaka leo ana daftari la kaunta lenye vitenzi vyake vyote, kava limeoza kwa jasho, ambalo usiku wa Jumapili ile lilishushwa juu ya kabati kama mtu anavyoshusha bunduki ya babu. Go, went, gone. Tukaanza kuimba baada ya kula, watoto, mimi na shemeji yangu mdogo, huku mama mkwe akipiga makofi kwa adabu akidhani ni kwaya.

Siku iliyofuata karatasi zilibandikwa. Mlango ulipata jina, ukuta ukapata jina, mtungi, kabati, kioo, redio, dirisha, ndoo, koki ya ndoo. Kigoda cha mama mkwe kilibandikwa mara mbili kwa sababu karatasi ya kwanza aliikalia ikaondoka naye mpaka kanisani kwenye mazoezi ya akina mama. Mbuzi naye alifungwa karatasi shingoni. Hakumaliza saa moja nayo, akalila jina lake na kamba yake. Nilipenda sana kusema jambo kuhusu hilo lakini sikuwa na shilingi mia.

Pengo la sheria liligunduliwa na mama mkwe siku hiyohiyo, bila kulitafuta. Yeye ni Mgogo wa Manyoni, Kiswahili anakijua lakini hukitumia kama viatu vya sikukuu. Baba watoto alipomsalimia asubuhi kwa Kiingereza akamjibu "Mbukwa" na kuendelea kuchambua mlenda. Binti akafungua daftari, akasita. Kilichofungwa ni Kiswahili. Kigogo hakikutajwa popote. Baba watoto alikwaruza kidevu, akaona hawezi kumtoza faini mama yake kwa kusema lugha ya mama yake, akatoka kwenda dukani. Watoto wakatazamana.

Basi katika nyumba yetu ya Itigi, mradi wa kukuza Kiingereza ulifufua Kigogo. Wanangu hawa, ambao bibi yao alikuwa ameshakata tamaa nao, waliozaliwa na kukulia kwenye mji huu wa stesheni ambako Mgogo, Mnyaturu, Mkimbu, Mnyamwezi na Msukuma hukutana na kila mmoja huiacha lugha yake kwenye begi, walianza kwenda kwa bibi jioni kuuliza maji yanaitwaje, ugali unaitwaje, nipishe nasemaje. Walijifunza kwa kasi ya ajabu. Bibi alifurahi mpaka akachinja kuku. Mimi, Mnyaturu wa Ikungi, nikawa sina pa kukimbilia: Kinyaturu hakuna wa kunijibu, Kiswahili ni pesa, Kiingereza changu ni cha kutaja bei. Nikanyamaza.

Wote tulinyamaza, nje ya masaa ya bibi. Baba watoto aliuita ukimya huo nidhamu. Chakula kiliandaliwa na kuliwa kimya, mtu anayetaka chumvi ananyoosha kidole, shemeji anaomba ruhusa ya kutoka kwa kuonyesha vidole viwili vinavyotembea. Kila jioni baba watoto alikagua daftari, akakuta faini zimepungua, akaridhika kwamba lugha inakua. Nasikia walimu wa kidato cha kwanza wana darasa la namna hii hasa, la watoto arobaini waliotulia tuli, na mgeni akipita dirishani anasifu utulivu. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameliandikia jambo hili kwa miaka mingi, kwamba kufundisha Kiingereza ni kazi moja na kufundishia kwa Kiingereza ni kazi nyingine, na kwamba ya pili haileti ya kwanza. Lakini profesa hakuwa kwenye ua wetu, na angekuwapo angelipishwa.

Mazoezi ya grama yalifanyika saa mbili usiku chini ya taa. Lililowatesa watoto zaidi halikuwa maneno magumu bali vidudu vidogo: ile s inayojibandika kwenye kitenzi akitenda mtu mmoja na kukimbia wakitenda wengi, ile a na ile the ambazo Kiswahili hakijawahi kuzihitaji, na hasa yule yeye wa kiume na yeye wa kike. Mwanangu mdogo wa darasa la pili alikuwa hajaanza hata Kiingereza shuleni, ila alilazimishwa kukaa. Kila alipotunga sentensi juu ya bibi, bibi akawa mwanamume. Bibi he cooks. Bibi he sleeps. Mama mkwe akataka kujua anasemwa nini, akatafsiriwa, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema kwa umri wake haoni tena tofauti kubwa, mwacheni mtoto.

Sasa niseme juu ya asali, maana ndiyo inayotulisha.

Sisi ni wachuuzi. Tunanunua kwa warinaji wa Aghondi, ambako Wakala wa Huduma za Misitu wana hifadhi ya nyuki, na wa Mitundu na vijiji vya njia ya Rungwa, tunachuja, tunawauzia wanaokuja na magari kutoka Dodoma, na chupa mojamoja tunawauzia wasafiri. Asali ya huku ina sifa yake kwa sababu ya kichaka. Hakitishi kwa urefu. Ni miti mifupi iliyosongamana kiasi kwamba hata ng'ombe huzunguka, na wataalamu wa mimea duniani wamekipa jina la mji wetu. Ukienda Zambia kaskazini, mpakani karibu na Ziwa Tanganyika, ukikuta kichaka cha aina hiyo wao nao wanakiita Itigi. Mji mwenyewe haujawahi kuringa juu ya hilo. Unaringa juu ya stesheni.

Katika stoo yetu kulikuwa na pipa la plastiki la lita sitini lenye koki chini. Mtu asiye wa kazi hii akiona lita sitini atafikiri kilo sitini. Asali ni nzito, ndoo ya lita 20 hubeba kama kilo 28, kwa hiyo pipa lile lilikuwa na zaidi ya kilo themanini, na mteja wa Dodoma hununua kwa kilo. Alikuwa aje Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, joto la kukausha mate, na asali ikipata joto la namna hiyo hulegea na kukimbia kama mafuta ya taa.

Mimi nilikuwa sokoni. Haya nimeyapata kwa mashahidi wanne na nimeyalinganisha.

Mwanangu mdogo aliingia stoo kulamba. Alifungua koki, akalamba, akataka kufunga, mpini ukamng'okea mkononi. Akamwita dada yake kwa Kigogo. Binti alifika, akajaribu kuurudisha mpini, ukakataa. Akamwambia mdogo wake aweke kiganja kwenye tundu asukume kwa nguvu zote, akatoka mbio kumwita baba. Yule mtoto alisimama hivyo, kiganja kwenye tundu, asali ikimpenya katikati ya vidole, ikimtambaa kwenye kiwiko, ikidondokea kwenye mguu. Alichoweza kukifikia kwa ulimi alikilamba. Ushahidi wake yeye ni kwamba haikuwa siku mbaya.

Baba watoto alikuwa chini ya mwarobaini mbele ya nyumba na mgeni, mwalimu mstaafu jirani yetu, aliyefundisha Kiingereza shule za msingi tangu enzi za chaki za rangi. Walikuwa wakinywa chai. Alikuwa amemwalika kwa makusudi, aje aone.

"Father," binti akasema, "the honeys is going."

Baba watoto aliweka kikombe chini, akamtazama mgeni kwa unyenyekevu wa mtu anayejua anakaribia kusifiwa. Akamwuliza binti, kwa Kiingereza, kama amewahi kuona asali moja, asali mbili, asali tatu. Asali haihesabiki, akamfafanulia. Kisichohesabika hakina wingi. Arudie.

"Father, the honey are going."

"Is."

"The honey is going."

"Going where?"

Hapa ndipo mtoto alipokwama. Nyumba nzima ilikuwa imebandikwa maneno, na yote yalikuwa majina ya vitu: mlango, ndoo, koki, sakafu. Hakuna aliyebandika kuvuja. Hakuna aliyebandika kumwagika, wala kung'oka, wala njoo upesi. Kwenye daftari la kaunta la 1989 yako mamia ya vitenzi na hakuna hata kimoja kinachofaa pipa likitoboka.

"The honey is going to outside," akasema.

Mwalimu mstaafu akainua kidole. Kwa maoni yake ile to haikuwa na kazi pale. Baba watoto akasema inayo, mtu huenda kwenye mahali, na mahali hutaka to. Mwalimu akasema nje si mahali, nje ni upande. Wakalijadili kwa heshima, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi. Binti alibadili mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyebanwa na haja. Fedha za faini hakuwa nazo. Deni lake lilikuwa limeshafika mahali ambapo baba yake alisema litakatwa kwenye sare za shule. Akavuta pumzi, akatunga sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kutunga.

"The honey is going down from the bucket, father, very fast, and the small brother is holding with hand."

Mwalimu mstaafu akapiga meza. Akasema safi sana, akasema miaka yake yote ya kazi hakusikia mtoto wa darasa la saba akitamka sentensi yenye nyama kiasi kile. Baba watoto, ambaye hapendi binti yake asifiwe kabla yeye hajamaliza kumfundisha, akamtaka aiseme sentensi hiyohiyo kwa wakati uliopita.

"The honey went," binti akasema.

Na ilikuwa kweli.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma na fungu la mboga kichwani, nikakanyaga, kandambili moja ikabaki nilipoikanyaga na mimi nikaendelea peku. Niliyoyasema hapo niliyasema kwa Kiswahili, na nilisikia baadaye kwamba yalijaza ukurasa. Nilikuta pipa limeshuka chini ya nusu, mtoto amesimama kwenye ziwa la dhahabu akiwa amekata tamaa ya kiganja na kuamua kutumia tumbo, na vifaranga watatu wamenata wakilia. Baba watoto na mgeni wake walitokea nyuma yangu. Hakuna aliyesema sentensi.

Mama mkwe alisema tuimwagie majivu na mchanga, tuikokoe kama ilivyo, tuipeleke mbali na kuifukia. Alisema kwa Kigogo, mara mbili. Lakini baba watoto alikuwa na aibu mbele ya mgeni, na mwenye aibu hutaka usafi wa haraka. Akachota maji ya kisima ndoo kwa ndoo akaimwagia ile asali kuipeleka nje, stoo ikang'aa, na ua wote kuanzia kizingiti hadi mwarobaini ukawa sharubati.

Nyuki wa kwanza walifika alfajiri.

Mwisho wa Oktoba, kabla mvua haijaanza, kichaka kimepukutika, maua ni ya kutafuta, na nyuki hutoka mbali kufuata chochote chenye sukari. Wanaanza wachache, wapelelezi. Wanaonja, wanarudi mzingani, na huko wanacheza ngoma inayowaeleza wenzao upande wa kwenda ukilinganisha na jua, na umbali wake. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyeisoma ngoma hiyo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Nyuki wetu walielewana vizuri. Kufikia saa moja asubuhi ua ulikuwa unanguruma.

Binti ndiye aliyeamka wa kwanza, akachungulia dirishani, akaenda kugonga mlango wa chumba chetu.

"Father, there are bees."

Sentensi haikuwa na dosari. Baba watoto alifurahi kitandani. Akamwuliza ni wangapi, maana nyuki, tofauti na asali, wanahesabika. Kimya kidogo. "Many," akasema binti. Baba watoto akamwambia many bila nomino ni jibu la mvivu, akajifunga kikoi, akachukua mswaki, akaenda kufungua mlango wa mbele aone mwenyewe.

Alichokisema akiwa nje nitakirejea kwenye hesabu. Alizunguka mwarobaini mara moja, akazunguka banda la kuku, akapita mlango wa nyumba yake bila kuutambua, na kwenye mzunguko wa pili akakutana na mwalimu mstaafu aliyekuwa akija kufuata chupa yake ya asali, na wawili hao wakaingia ndani pamoja, mmoja akiwa na mswaki na mwingine amepoteza kofia. Shemeji akausukuma mlango.

Kuanzia hapo amri ikawa ya mama mkwe. Alivuta jiko la mkaa mpaka ukumbini, akaweka samadi kavu na juu yake majani mabichi, moshi mweupe mzito ukaanza kupita chini ya mlango kwenda nje. Madirisha yakazibwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Akasema hatoki mtu mpaka jua lizame. Jioni nyuki hurudi kwao, halali mtu nje mwenye kwao. Kisha akamkalisha mwanawe kwenye kigoda chenye karatasi, akaanza kuikwangua miiba kwa ukucha wa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, sikioni, shingoni, juu ya nyusi. Haivutwi kwa vidole viwili, alieleza, ukiubana mfuko wake unajidunga sumu iliyobaki. Mwiba mbaya ulikuwa kwenye mdomo wa juu. Ulikuwa mdogo, mweusi, na mfuko wake ulikuwa bado unatikisika.

Kufikia saa tatu mdomo wa baba watoto ulikuwa umevimba ukagusa pua. Tuliogopa kidogo, tukamchunga pumzi. Pumzi ilikuwa nzuri. Maneno ndiyo yalikuwa hayatoki. Alijaribu kuomba maji, ikasikika ile th ya Waingereza safi kabisa, ambayo tangu 1989 ilikuwa imemshinda. Mwalimu mstaafu alitazama dari.

Tulikuwa watu saba katika sebule moja iliyojaa moshi, na siku nzima mbele yetu. Msemaji wa nyumba hasemi. Mwanzoni tuliendelea kunyamaza kwa mazoea. Kisha mwalimu mstaafu, nadhani kwa kuchoka tu, akamgeukia binti akamwuliza kwa Kiingereza jana kulitokea nini hasa, maana yeye alikuwepo na hakuelewa.

Binti akaanza. Alianza kwa sauti ya karatasi, akimtazama baba yake. Baba yake akatikisa mkono, endelea, hakuwa na mdomo wa kukataza. Akasema mdogo wake "he open the tap", akasema mpini "she is broken", akasema asali "it run". Mwalimu hakuinua kidole. Kila binti alipofika mwisho wa pumzi, yeye alisema tu "And then?" na binti akaenda mbele. Alipofika kwenye kiganja cha mdogo wake hakuwa na neno la kiganja, akainua chake. Alipokosa la kunata akanyanyua mguu wake sakafuni polepole, kwa sauti ya mdomo, na watu wote wakaelewa, hata bibi. Mdogo wake akaruka kusahihisha: haikuwa hivyo, alitumia na tumbo! Alisema nusu Kigogo nusu Kiingereza. Shemeji akaingilia na yake. Nami nikajikuta nimesimama katikati ya sebule nikieleza habari ya kandambili kwa Kiingereza changu cha bei, "one remain, one go with me," na mwalimu akaniuliza and then, nikaendelea. Ilikuwa kama saa sita mchana nilipogundua kwamba hakuna aliyekuwa ananyamaza.

Neno la kuvuja lilitafutwa kwenye kamusi ya TUKI ya shemeji. Binti alilisoma, akalirudia, akaenda kuliandika kwa maka peni juu ya karatasi ya ndoo. Hajalisahau mpaka leo, wala lile la kumwagika, na sidhani atayasahau.

Jioni nyuki waliondoka kama mama mkwe alivyosema. Tulifanya usiku ule kazi ambayo ingefanywa jana yake: mchanga, majivu, beleshi, toroli ya kukopa. Mteja wa Dodoma alipiga simu Jumatatu; baba watoto akanipa simu nizungumze mimi, kwa Kiswahili, bure. Mteja alichukua iliyobaki, akalalamika kwamba ni kidogo, akapunguza na bei.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kufunga hesabu za kibubu. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Binti alisoma daftari kwa sauti, jina kwa jina. Langu lilikuwa kubwa. La bibi lilikuwa tupu. Ndipo akasoma la baba yake, ambalo mpaka siku ile lilikuwa halina kitu, na chini yake alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri yote yaliyosikika nje asubuhi ya nyuki: Mama nakufa. Jamani fungueni. Nimesema fungueni. Huyu kaingia kwenye kikoi. Na mengine, mpaka chini ya ukurasa.

Baba watoto akapinga. Alisema kilio si sentensi. Mwalimu mstaafu, aliyeitwa kama mtaalamu, akasema mama nakufa ina mtendaji na ina kitenzi, ni sentensi kamili. Jamani fungueni pia, kwa kuwa kitenzi cha kuamuru hubeba mtendaji wake. Kuhusu kikoi alisema ni ngumu lakini inapita. Mama mkwe akatoa hukumu kwa Kigogo, fupi, na watoto wote wakacheka kwa kuwa sasa wanakielewa, na baba watoto akaingiza mkono mfukoni akatoa noti ya elfu tano. Deni lake lilikuwa elfu tatu na mia nne. Akaishika noti juu ya kopo, akamwuliza binti, kwa Kiingereza, iko wapi chenji yake.

"There is no change, father," binti akasema. "The tin has only your debt and ours, and nobody has paid."

Baba watoto alibaki amenyanyua kidole, akiipitia sentensi ile taratibu toka mwanzo hadi mwisho, midomo ikimcheza. Kisha akaitumbukiza noti, akaenda kulala.